Wazee wanaosoma khati ya Kiarabu waanze kutumia simu kwa njia gani?

Mwalimu wa Langoni:

Assalaam alaikum ndugu zangu. Naandika kutoka mtaa wa Langoni, Lamu, ambako kikundi chetu kimeanza kuwafundisha wazee kutumia simu za kisasa. Wengi wao walisoma chuoni tu, yaani madrasa ya Kurani: khati ya Kiarabu wanaisoma vizuri, na wapo wanaoandika hata barua zao za Kiswahili kwa khati hiyo, lakini herufi za Kirumi hawakuzipata. Inaniuma kuona mtu aliyesoma akihesabiwa kuwa hajui kusoma kwa sababu tu simu imepangwa kwa herufi asizozijua. Wanachohitaji hasa ni kuwasiliana na watoto walioko Mombasa na Arabuni, pamoja na kupokea na kutuma fedha.

Wenzangu wanataka tuanze na sauti, kwani kusema hakuhitaji herufi. Wengine wanaona picha na alama za kugusa zinatosha. Mimi sipendi herufi wanazozijua ziachwe kando. Naomba wenye ujuzi watueleze ni njia ipi ianze, na kila njia inaishia wapi kwa mzee mwenye mikono ya kazi, macho yaliyopungua nguvu na usemi wa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu.

Bin Shela:

Wa alaikum salaam, Mwalimu. Kuhusu sauti, naomba tutenganishe kusema na mtu kupitia simu na kusema na simu yenyewe, maana watu huyachanganya mambo haya. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao umekuwapo tangu 2013, ni wa aina ya kwanza: simu hubeba sauti bila kuhitaji kuielewa, kwa hiyo mzee husema Kiamu chake kamili na mwanawe akaelewa kila neno.

Kuiamuru simu kwa sauti, au kusema ili yenyewe iandike, ni jambo jingine kabisa. Programu ya kutambua usemi huikata sauti vipande vifupi mno, ikavilinganisha na mifano mingi iliyofunzwa nayo, kisha ikakisia mfuatano wa maneno ulio na uwezekano mkubwa zaidi. Google iliingiza Kiswahili katika uandishi wa sauti Agosti 2017, pamoja na Kiamhari, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini mashine hukisia vizuri yale tu iliyoyasikia kwa wingi, na Kiamu si miongoni mwa hayo. Mzee akimwambia mjukuu wake "ndoo hapa", yaani "njoo hapa", simu itaandika chombo cha kutekea maji. Katika salamu kosa hilo halina madhara. Katika kiasi cha fedha au jina la dawa lina madhara makubwa. Anzeni na ujumbe wa sauti, na uandishi wa sauti usubiri. Wakati huohuo, vijana wenu wanaweza kuchangia sauti katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya usemi wa Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea, ili matamshi ya huku nayo yasikike.

Fundi wa Mokowe:

Mimi natengeneza simu, na nitasema juu ya mikono. Kioo cha simu ya kisasa hakihisi nguvu ya kubonyeza. Ndani yake kuna utando mwembamba usioonekana wenye chaji ya umeme, na kidole, kwa kuwa mwili hupitisha umeme, huibadilisha chaji hiyo pale kinapogusa. Ngozi iliyokauka na kuota sugu kwa kamba, msumeno au kasia hupitisha umeme kidogo, ndiyo maana mzee hugusa na simu isiitike, akadhani ameikosea. Maji ya chumvi nayo huutawanya mguso, na simu hufungua asichokitaka. Mfundisheni afute kioo na vidole kwanza, kisha aguse kwa upande laini wa kidole badala ya ncha.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni muda wa mguso. Wazee wengi hubonyeza na kukawia, na simu huchukulia kukawia huko kuwa amri nyingine, ikatoa menyu wasiyoiomba. Katika mipangilio ya ufikivu ya Android, yaani ile ya kuwarahisishia matumizi wenye mahitaji maalumu, mna mahali pa kurefusha muda huo. Urefusheni siku ya kwanza kabisa, kabla ya somo lolote. Kisha ongezeni ukubwa wa maandishi na wa alama zote. Mwanasaikolojia Paul Fitts wa Marekani alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kukifikia kitu kwa mkono huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali na kinavyokuwa kidogo, na wabunifu wa skrini wangali wanaitumia kanuni hiyo hadi leo.

Kwa upande wa fedha, msiwanyang'anye kabambe zao, yaani simu ndogo za vitufe. M-Pesa ilianza Machi 2007, mwaka uleule ambao iPhone ya kwanza iliingia sokoni, nayo ilijengwa kwa menyu fupi na vitufe ambavyo kidole huvihisi hata gizani. Mzee aliyekwisha kuuzoea mpangilio huo ana ujuzi tayari.

Mama wa Mkomani:

Maalim, nawaheshimu ndugu walionitangulia, lakini sikubaliani na kuanza na sauti. Nyumba zetu zimekaribiana na vichochoro ni vyembamba, na ujumbe wa sauti ukifunguliwa barazani husikiwa na kila apitaye. Mama hataki habari za ugonjwa wake au za fedha alizotumiwa zitangazwe mtaani. Programu zinazosoma skrini kwa sauti, kama TalkBack iliyomo katika simu nyingi za Android, ni neema kubwa kwa asiyeona, na eSpeak NG ambayo ni programu huria husoma Kiswahili; lakini mtumiaji apewe na visikizi, asiachwe simu ikamsomea salio lake mbele za watu. Isitoshe, ujumbe wa sauti hauwezi kupitiwa kwa jicho. Ukitaka kuhakikisha kiasi ulichotajiwa juzi, itakubidi uusikilize tena wote.

Nawasihi pia mzingatie namba ya siri. Wazee wengi huwapa wajukuu namba hiyo kwa sababu hawawezi peke yao. Tarakimu za fedha wanazijua miaka yote kwa kununua na kuuza, kwa hiyo somo la kwanza la fedha liwe kuiingiza namba hiyo kwa mkono wao wenyewe.

Mwalimu wa Langoni:

Nawashukuru nyote. Bi Mkomani, jambo la namba ya siri nimelichukua kwa uzito na nitalipeleka kwa wenzangu. Lakini bado sijajibiwa juu ya khati.

Msomaji wa Pate:

Khati inawezekana, Maalim, na ni haki yao, kwa kuwa ndiyo ambayo watu wa Pate na Lamu wameandikia tenzi tangu karne ya 18. Kibodi ya Kiarabu huongezwa katika mipangilio ya lugha bila malipo. Upungufu wake ni kwamba Kiarabu chenyewe hakina پ ya p, چ ya ch wala ڤ ya v. Zote zimo katika Unicode, yaani orodha ya kimataifa ya herufi zinazotambuliwa na simu na kompyuta, na kibodi ya Kiajemi huzitoa mbili za kwanza moja kwa moja. Kwa kompyuta, Kevin Donnelly alitengeneza zana ziitwazo Andika! za kuandikia Kiswahili kwa herufi hizo.

Ugumu uko kwa mpokeaji, kwani watoto wengi walioko mbali hawaisomi khati hii kwa wepesi. Kwa hiyo nisingeanza na barua. Ningeanza na orodha ya majina: kila mtu ahifadhiwe katika simu ya mzee kwa jina lililoandikwa kwa khati, pamoja na picha yake. Hapo mzee ataisoma orodha mwenyewe na kumpigia amtakaye, na simu ikilia atajua ni nani kabla ya kupokea. Majina hayo ayaandike yeye mwenyewe, hata kama kazi itachukua jioni nzima, kwa sababu akimaliza atakuwa ameijua kibodi.