Mjadala: mtu kuwa na deni, ni haki anyimwe kazi ya ulinzi ama ya siri?

Watu wa Nakuru na Kisumu tuongee hii maneno wazi, maana inaumiza vijana wengi. Kuna kijana hapa Kiamunyi aliitwa kazi ya bawabu, akaambiwa alete zile karatasi tano, ya polisi, KRA ya ushuru, HELB ya mkopo wa masomo, EACC ya mambo ya ufisadi na CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo ya watu. Nne zikatoka sawa, ya CRB ikaonyesha mkopo wa simu wa shilingi 2,300 aliochukua mtoto akiwa amelazwa, na kazi ikaisha hapo hapo. Hakuna mtu alimuuliza hiyo pesa ilifanya nini, na hata akilipa leo hiyo rekodi itakaa CRB miaka 5 mingine.

Sasa angalieni Marekani, tena kwa wale wanaopewa siri za nchi. Binamu yangu yuko jeshi la huko na alijaza ile fomu ya SF-86 ya kuombea kibali cha kuona siri za serikali. Sehemu ya 26 inauliza kama ndani ya miaka 7 umekuwa na deni lililochelewa kupita siku 120, unaandika unadaiwa na nani, pesa ngapi, sababu ilikuwa gani na umefanya nini kulilipa. Wanaopima wanafuata miongozo 13, ya madeni ni ile ya herufi F, na ndani yake imeandikwa kabisa kwamba ukifutwa kazi, ukiugua ama ndoa ikivunjika halafu ukajikaza kulipa, hayo yanahesabiwa upande wako. Kinachokumaliza ni kuficha. Na wakikataa wanakupa sababu kwa maandishi na wewe unajibu. Kama wanaolinda siri za vita wanaweza kumsikiza mtu, sisi kwa geti la godauni tunashindwa na nini?

Watu wanapenda kutaja Sura ya Sita ya katiba yetu, ile ya uadilifu wa viongozi. Nimeisoma, haisemi popote ulete barua ya CRB. Kifungu cha 76 kinamkataza afisa wa serikali kuchukua mkopo katika hali inayoharibu uadilifu wake, na hiyo ni kuhusu mkopo umeuchukua vipi na kwa nani, si kwamba umechelewa kulipa.

Nyar Kisumo: Ndugu yangu mimi napinga. Nasimamia stoo ya dawa na najua mtu akibanwa na wadai, simu inalia asubuhi mpaka usiku, na funguo ziko mfukoni mwake, anaanza kuangalia hizo katoni na macho mengine. Umetaja Marekani, basi mtaje pia Aldrich Ames. Alikuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, talaka ikamwacha na madeni, 1985 akaenda kwa Wasovieti akauza majina kwa dola 50,000 za kwanza, na watu aliowataja wakauawa. Mwajiri hawezi kungoja mpaka aibiwe ndio aanze kuuliza maswali. Halafu tuseme ukweli, kuna watu wanachukua mikopo kwa apu sita na hawana nia ya kulipa hata moja.

Mwenye mada: Dada, hao wa apu sita hata mimi sitawatetea, na sijasema mwajiri asiulize, nasema akishauliza asikize jibu. Lakini hiyo ya Ames imalizie. Akishalipwa alinunua nyumba ya dola 540,000 keshi, akawa anaendesha Jaguar kwa mshahara wa kama dola 60,000 hivi kwa mwaka, na bado alikaa kazini CIA mpaka alipokamatwa 1994. Wakati huo madeni yalikuwa yameisha, yaani ukimtafuta kwa orodha ya wadaiwa humpati! Ndio maana huo mwongozo wa F unaangalia pia mtu aliyetajirika ghafla bila maelezo. Na Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani aliyekamatwa 2001 akipelekea Cuba siri za jeshi, huyo hakuwa anatafuta pesa, alikuwa anaamini upande wao.

Kwa hivyo nikuulize wewe mwenye stoo. Kuna wawili, mmoja anadaiwa 2,300 na anakuonyesha risiti za kulipa mia mbili mia mbili, mwingine CRB yake ni safi kabisa lakini juzi amenunua ploti Mamboleo na mshahara ni ule ule. Funguo unampa nani?