Kutoka Antalya hadi Athens peke yangu, kwa fedha kidogo

Swali: Ndugu zangu, mwezi Oktoba ninakusudia kusafiri peke yangu kutoka Antalya, Uturuki, hadi Athens, Ugiriki, nikiwa na begi moja la mgongoni. Nipite wapi ili fedha zisiniishie njiani?

Jibu la kwanza: Fuata pwani kwa dolmuş, yaani vile vibasi vinavyofanana na daladala zetu, hadi Fethiye, kisha uvuke kwa boti kwenda kisiwa cha Rhodes, safari ya takriban saa moja na nusu. Oktoba boti hupungua, kwa hiyo ulizia ratiba mapema. Tena Rhodes ni Ugiriki. Uwe na viza ya Schengen, ile viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya.

Jibu la pili: Kutoka Rhodes hadi Piraeus, bandari ya Athens, meli husafiri usiku kucha. Kata tiketi ya sitahani, iliyo rahisi kuliko zote, nawe ubebe sweta, maana upepo wa bahari ya Aegean hauna huruma. Mimi nililala sakafuni karibu na ngazi, begi likiwa mto wangu, nikaokoa fedha za hoteli.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Na chakula?

Jibu la pili: Upande wa Uturuki, asubuhi kula simit, ule mkate wa duara wenye ufuta; mchana, supu ya dengu.