Wenye wazazi wazee wenye kisukari na wameanza kusahau, tupeane uzoefu

Mtoto wa Kibaha: Wakuu, leo nimemkuta mzee kasimama kituoni anauliza kituo kiko wapi. Nimemkumbuka mama. Anachoma insulini, akimaliza chai anadai hajachoma. Mliopitia haya mlifanyaje?

Binti Pangani: Mama yangu kabisa huyo! Ukimbishia, unaambiwa unataka afe upesi urithi nyumba.

Fundi Bomba: Ngoja niwape ya baba yangu, Moshi. Saa tisa usiku mzee kavaa suti ya kanisani, anarusha sufuria nje, anatuita wezi. Ni Julai, baridi yake mnaijua, lakini jasho linamtiririka mpaka shati limegandia mgongoni. Shangazi kaanza kukemea pepo. Majirani hao, mmoja kaja na kamba. Mdogo wangu anasoma uuguzi, akamtoboa kidole kupima sukari: 1.9, iko chini mno! Kumeza alikuwa anaweza, tukamnywesha maji ya sukari taratibu. Baadaye kidogo akakaa kwenye kochi, akauliza, "Nani kafa? Mbona nimevaa suti?" Kumbe jioni alimeza glibenklamidi, kidonge chake cha kushusha sukari, chakula hakugusa. Hospitali wakamsimamishia. Wakasema kwa wazee dawa hiyo inashusha sukari na kuishikilia huko chini muda mrefu, figo zikichoka ndio balaa.

Mpole2: Duh.

Mtumishi: Shangazi msimdharau. Haya mambo yapo.

Fundi Bomba: Yapo, ila siku ile yalitolewa na vijiko vya sukari.

Mtumishi: Kejeli hizo zitakurudia.

Tabibu wa Kata: Acheni malumbano. Mzee akichanganyikiwa ghafla, pima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4 mpe kitu kitamu kama anameza, kama hamezi msimtie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Ikiwa sawa, mchunguzeni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Anayesahau polepole ni habari nyingine: sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa midogo ya ubongo. Aliyetumia metfomini, kidonge cha kisukari, muda mrefu apimwe na vitamini B12, ikipungua nayo inaleta usahaulifu. Na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), mzee wa hivyo msimkomalie ashuke chini ya asilimia 7 kama kijana. Hata karibu na 8 inatosha.

Mzee wa Mlonge: Mlonge na mdalasini, dawa zote tupa.

Binti Pangani: Tupa za kwako babu.

Mama Junior: Mtoto wa Kibaha, sindano kaa nazo wewe. Tundika kalenda, akichoma apige alama.

Binti Pangani: Wangu alipiga alama za wiki nzima asubuhi moja. Achomwe na mtu, alama apige huyo huyo.

Mpole2: Fundi, yule wa kamba alikuwa anatoka kufunga ng'ombe au?

Fundi Bomba: Ng'ombe hana. Mpaka leo hatusalimiani.