Ukiumia uti wa mgongo: ulifunzwa nini kabla ya kurudishwa nyumbani? Tupeane uzoefu

Mwembe_Kisumu: Nianze mimi. 2019 nilianguka kutoka mwembeni hapa Nyalenda, nikapooza kuanzia kiunoni. Majirani walinitupa nyuma ya pikapu, mmoja kashika mabega, mwingine miguu, kwa nia njema kabisa. Wiki tano wodini, kisha nikapewa kiti cha magurudumu na karatasi ya kuruhusiwa. Kufika nyumbani, kiti kikagoma mlangoni. Kiti sentimita 66, mlango 61; fundi aliziandika ukutani kwa mkaa na bado zipo. Miezi miwili nikawa naburutwa kwa blanketi hadi sebuleni.

Binamu yangu aliumia Uingereza 2021, karibu mahali palepale mgongoni. Yeye kabla hajatoka, mtu alitumwa kwake na futi kupima milango, choo, hata kimo cha kitanda. Mashine zao sijaziota hata siku moja. Ile futi nimeiota. Wenzetu wamelizoea jambo hili tangu 1944, daktari Guttmann alipofungua wodi ya walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville kulekule Uingereza na kushikilia kwamba mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku.

Nyinyi je?

MamaWawili_Nakuru: Pole ndugu yangu. Wangu ni mume, ajali ya boda. Huko kugeuza nilifunzwa na mama aliyekuwa akiuguza kitanda cha pili, wala si muuguzi. Nina alamu nne: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kosa letu lilikuwa tyubu ya gari. Tuliijaza upepo tukaiweka kitini tukidhani ni mto, kumbe inabana damu pembeni. Kidonda cha makalio kimeturudisha hospitali mara tatu.

Mpakani_Busia: Msidhani ng'ambo ni peponi. Dada yangu ni muuguzi Marekani. Miaka ya 1970 mgonjwa wa uti wa mgongo alikaa hospitali ya mazoezi ya viungo siku 98 kwa wastani, sasa ni kama mwezi. Bima ikisema basi, ni basi. Ila wengi hutoka wakijua kujitia katheta, ule mpira wa kutoa mkojo, wenyewe, mara nne hadi sita kwa siku. Mimi nilitoka na mpira wa kudumu na mfuko, na homa ya mkojo haikauki.

Fizio_Kakamega: Uingereza mbali. Tazameni Bangladesh, kituo cha waliopooza cha CRP kule Savar alichoanzisha Valerie Taylor 1979. Mgonjwa anahamia hosteli kwanza, anajizoeza maisha atakayoishi kijijini. Sisi hospitali ya taifa ya uti wa mgongo ni moja, Nairobi, na mtu wa Malaba naye anaitazama hiyohiyo.

Halafu walioumia shingoni au kifuani juu: kichwa kikigonga ghafla na jasho likatoka usoni, msimlaze! Mkalisheni wima, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umekunjika. Hiyo ni presha inapanda, inaweza kuua. Isiposhuka, kimbieni hospitali.

Mwembe_Kisumu: Asante daktari. Binamu ana rafiki aliyeumia shingo, anatembea na kadi ya maelezo hayo pochini. Mama Wawili, hiyo ya saa kumi unaamka mwenyewe?

MamaWawili_Nakuru: Saa kumi ni zamu ya kifungua mimba wangu, mimi saa kumi na moja niko sokoni. Ana miaka 12.