Maonyo ya fomati kwenye C: tuyafanye kosa au tuyazime?

fundi_biti:
Wakuu, salaam. Naleta hoja iliyotugawa kazini, waliobobea kwenye C watie neno. Tuna programu ndogo inayokusanya usomaji wa mita za maji. Msimbo ni uleule, ila unakompailiwa kwenye seva ya Linux ya biti 64, kwenye bodi za ARM za biti 32, kwenye ESP32 (kidhibiti kidogo), na kuna mwenzetu mmoja yuko Windows na MinGW (GCC ya Windows). Kote tumewasha -Wall (swichi ya maonyo), na kote kompaila inalalamikia printf, fanksheni ya kuchapa, kwamba fomati haikubaliani na aina ya thamani iliyoletwa, tena kila mahali mistari yake. Upande mmoja unasema tuweke -Wno-format, maonyo hayo yazimwe na kelele ziishe. Mimi nasema tuweke -Werror=format, onyo liwe kosa linalozuia kujenga: anayeleta msimbo wake asafishe kwanza.

Tusibishane hewani. Mstari wenyewe huu hapa:

`printf("%ld %s\n", t, jina);`

t ni time_t, aina ya C ya kuhifadhi saa. %ld inaiambia printf itegemee long, %s itegemee maandishi. Kwenye seva time_t ni long, mambo shwari. Bodi tumezihamishia Debian 13, na huko kwenye armhf (Debian ya ARM za biti 32) time_t imekuwa ya biti 64 ili ivuke mwaka 2038, saa ya biti 32 inapojaa, wakati long imebaki biti 32. Sasa tazama thamani zinavyopitishwa. Fomati inakaa r0, rejista ya kwanza ya prosesa. Thamani ya biti 64 ni lazima ianzie kwenye rejista ya namba shufwa, kwa hiyo r1 inarukwa, t inakaa r2 na r3, na jina linakwenda kwenye staki. printf haina habari na hayo yote, inasoma ilivyoambiwa. %ld inaokota r1, yaani takataka. %s inaokota r2, ambayo ni nusu ya chini ya saa, namba ya bilioni 1.7 na ushei, kisha inaichukulia kuwa anwani ya kumbukumbu. Programu inaanguka papo hapo. Na kompaila ilikwisha kusema: umetaja long, umeleta long long.

Tiba yangu ni kugeuza aina palepale: `"%lld %s\n", (long long)t, jina`. OpenBSD walikwenda na njia hiyo walipoipeleka time_t kwenye biti 64 kila mahali, toleo la 5.5, mwaka 2014. Haya, nipingeni.

mzee_wa_makefile:
Mkuu, umechagua onyo lenye meno. Mengi hayana. Chukua hiyo ESP32 yako. Kuanzia ESP-IDF 5.0 (zana za kuandikia ESP32), uint32_t, namba nzima ya biti 32 isiyo na hasi, kwenye kompaila ya Xtensa (prosesa yake) ni unsigned long, zamani ilikuwa unsigned int. Zote ni biti 32, zinapita rejista zilezile, na %u inatoa jibu lilelile. Lakini ukipandisha toleo tu, mistari chungu nzima iliyokuwa kimya inaanza kupiga yowe. Mtu akiona maonyo mia yasiyo na madhara, la mia na moja lenye madhara halisomi. Hiyo ndiyo hatari ninayoiona mimi.

Halafu hiyo tiba yako nayo ina sumu. Ukishaandika (long long) mbele ya kitu, umeiziba kompaila mdomo moja kwa moja. Kesho mwenzako akiifanya t kuwa double, sehemu ya desimali inakatwa kimyakimya. Akiifanya uint64_t, namba kubwa zitatoka hasi. Onyo hutaliona.

binti_wa_c:
Hapo kwenye sumu nakuunga mkono, na ndiyo maana C99, kiwango cha C cha 1999, ilituletea inttypes.h, yenye makro zinazoweka herufi sahihi ya fomati kwa kila aina:

`printf("mita %" PRIu32 ": lita %" PRIu64 "\n", namba, lita);`

Haipendezi machoni, sikatai. Na ukiipitisha kwenye C++11 bila kuacha nafasi kabla ya PRIu64, inagoma kabisa. Lakini makro haigeuzi chochote. Aina ikibadilika, onyo linarudi. Na msidhani mtapata herufi moja ya kuandika kwa mkono ikaridhisha wote: int64_t kwenye Linux ya biti 64 ni long, kwenye macOS ni long long. Upana ni sawasawa, aina ni mbili. %ld itapita kwa mmoja na kulalamikiwa kwa mwingine.

size_t (ukubwa) ina %zu, ptrdiff_t (tofauti ya anwani) ina %td, hizo hazina mjadala. time_t na off_t (nafasi ndani ya faili) ndizo hazikupewa makro kwenye kiwango, na hapo namkubalia fundi_biti, geuza tu. Yenye makro, tumia makro.

pwani_dev:
Wote mmejadili kompaila, hakuna aliyegusa maktaba. Kompaila inalinganisha fomati na aina basi. Haijui printf ipi itakuja kufanya kazi. Kwenye Windows, msvcrt, maktaba ya C ya zamani, haielewi %zu, na biti 64 inataka iandikiwe %I64d. UCRT, maktaba mpya iliyokuja na Visual Studio 2015, ndiyo inayofuata C99. GCC ya MinGW unaweza kuiambia ikague fanksheni yako ya logi kwa sheria za gnu_printf (za GNU) au za ms_printf (za Microsoft). Ukiiandikia gnu_printf huku ndani inaita msvcrt, maonyo yote yanatoweka na logi inatoka upuuzi. Weka __USE_MINGW_ANSI_STDIO kuwa 1 ndipo ukaguzi na utendaji viende pamoja.

Kwenye vidhibiti vidogo ni vilevile. newlib-nano, maktaba ya C ya vifaa vidogo, imepunguzwa ili isile nafasi, haichapi long long. Andika PRIu64 kwa adabu zote, kompaili bila onyo hata moja, kisha tazama skrini: pale ilipotakiwa namba utakuta herufi "lu".

fundi_biti:
@pwani_dev, hilo ni kweli tupu, lakini halimsaidii anayetaka kuzima. Kwamba mlinzi halioni dirisha la nyuma si sababu ya kumfukuza getini. Inatubidi tuongeze jaribio linalochapa UINT64_MAX (namba kubwa kabisa ya biti 64) kwenye kila bodi na kulinganisha na tunachotarajia.

kufuli:
Nachangia moja tu kwa wanaopenda -Wno-format. Hamzimi ulalamishi wa uint32_t peke yake. -Wformat-security haifanyi kazi bila -Wformat, kwa hiyo mmezima na onyo la `printf(ujumbe)` pale ujumbe unapotoka kwa mtu wa nje, anayeweza kutia alama zake za % humo. Debian wanapojenga vifurushi vyao huweka -Wformat pamoja na -Werror=format-security. Makefile yenu (faili la maelekezo ya kujenga) ikibandika -Wno-format mwishoni, ulinzi huo unakwenda na maji. WU-FTPD, seva ya FTP, mwaka 2000 ilimpa mtu wa mbali mamlaka ya root (msimamizi mkuu) kupitia amri ya SITE EXEC kwa kosa la ukoo huohuo. Mwaka 2021 mtandao wa Wi-Fi uliopewa jina `%p%s%s%s%s%n` ulikuwa unailemaza Wi-Fi ya iPhone. Miaka 21 imepita katikati!

mzee_wa_makefile:
Sawa kufuli, hilo la -Wformat-security limeniingia. Nafuta pendekezo la kuzima kabisa.

Ila -Werror sitaki kuiona kwenye Makefile tunayowapa watu. GCC 7, mwaka 2017, ilikuja na maonyo mapya ya -Wformat-truncation, yaani maandishi kukatwa kwa kukosa nafasi. Mtu aliyeandika tarehe kwa `"%04d-%02d-%02d"` kwenye bafa ya baiti 11 akaambiwa haitoshi, kwa sababu kompaila haijui kwamba mwezi hauzidi 12. Ukiwa na -Werror tupu, programu iliyojengeka jana leo haijengeki, na anayeumia ni mtumiaji aliyepakua tu, hata C haijui.

fundi_biti:
Hapo tumekutana. -Werror=format ikae kwenye mashine yetu ya kujaribu, isitoke na kifurushi. Mistari ya time_t nitaikusanya kwenye fanksheni moja ili kugeuza kufanyike mahali pamoja, na akija mtu kubadilisha aina ajue pa kutazama.

binti_wa_c:
Na wanaotaka kuhamia C23, kiwango kipya cha C, wasikimbilie. Kweli %w64u inasomeka vizuri kuliko PRIu64, na glibc (maktaba ya C ya Linux) inaielewa tangu 2.38, lakini ESP32 yenu na Windows ni maktaba nyingine kabisa.

mzee_wa_makefile:
Bado ESP32. Nani atapitia mistari yote ile kuweka PRIu32 wakati jibu linalochapwa ni lilelile? Kwenye folda hiyo moja naweka -Wno-error=format: onyo lionekane, kazi isisimame. Mwenye nafasi alete marekebisho, nitayapitisha siku hiyohiyo.