Tupeane uzoefu: siku darasa lenu lilipopelekwa maktaba

Mama wa Darasa la Tano: Ndugu zangu, mwanangu amerudi na karatasi ya ruhusa, kwani darasa lao linakwenda Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Kabla sijasaini, nimekumbuka aibu niliyoipata udogoni kwa kurudisha kitabu kwenye rafu isiyo yake. Ninyi yaliwakuta yapi?

Herufi M: Tulikuwa kidato cha pili, katika maktaba ya mkoa ambayo sitaitaja. Mkutubi alitueleza kwa utaratibu kabati la kadi: kila kitabu kina kadi ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada, na namba iliyo pembeni ndiyo inayokupeleka kwenye rafu, 500 ikiwa sayansi na 900 historia na jiografia. Nami, kwa kutaka kuonekana mjuzi, niliivuta droo ya herufi M hadi mwisho bila kuishika kwa chini, nayo ikaanguka. Ule ufito wa chuma unaozishika kadi ulikuwa umechomoka, basi zote zikatawanyika sakafuni. M, jamani, ambayo ndiyo nusu ya majina ya nchi hii! Wenzangu walisoma, mimi nilipiga magoti hadi alasiri nikimtanguliza Mbilinyi mbele ya Mbise, na Mbise mbele ya Mchome.

Kaka Mchome: Pole sana. Herufi hiyo haina huruma.

Msomaji wa Nairobi: Sisi tulipelekwa Maktaba ya McMillan. Mwalimu alitusimamisha kwenye ngazi, karibu na sanamu za simba, akatueleza kwamba jengo lile lilifunguliwa mwaka 1931 na kwamba kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nilipoingia niliogopa hata kugusa kitabu.

Niliyesahaulika: Mimi nilisinzia nyuma ya rafu, na darasa likaondoka. Mwalimu aliwahesabu wanafunzi ndani ya basi akawapata kamili, kwa sababu mtoto wa shule nyingine, aliyevaa shati jeupe na kaptura ya bluu kama sisi, alikuwa ameketi kwenye kiti changu.

Mzee wa Chaki: Hadithi hiyo siiamini. Nimefundisha miaka mingi, na mwalimu makini huita majina, hahesabu vichwa.

Niliyesahaulika: Mwalimu, ungekuwapo ungeita majina. Wa kwetu alihesabu vichwa.

Herufi M: Tuacheni ubishi. Yule mtoto mwingine aliishia wapi?

Niliyesahaulika: Alifika shuleni kwetu, akala ugali na maharage yangu, ndipo akaanza kulia.

Kaka Mchome: Alikula kwanza! Huyo alikuwa na akili.

Mzee wa Chaki: Mama, mfundishe mwanao kurudisha kila kitabu mahali alipokitoa.

Msomaji wa Nairobi: Hapana, akiache mezani, kwani kitabu kilichorudishwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea.

Mama wa Darasa la Tano: Nimesaini, na jina la shule nimelishona ndani ya kola. Ila la rafu na meza, kubalianeni kabla ya Ijumaa.