Vifungio vya ubao wa theluji: vimeitwa kurudishwa?

Swali: Vifungio vyangu, vinavyobana viatu kwenye ubao wa kuteleza thelujini, ni vya mitumba, lebo imefutika. Nitajuaje kama mtengenezaji ameagiza virudishwe?

Jibu: Fungua skrubu za katikati, inua diski inayoshikilia kifungio kwenye ubao, geuza bamba (sehemu ya chini unapokanyaga). Mara nyingi modeli au tarehe imechapwa kwenye plastiki upande wa chini. Linganisha na tangazo la mtengenezaji na la CPSC, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa: modeli, saizi, rangi, msimu. Jina pekee halitoshi.

Jibu: Vikiwemo kwenye tangazo, usivitumie tena, hata mteremko mdogo. Bamba likivunjika, mguu mmoja unaweza kuchomoka huku mwingine umefungwa. Goti linaweza kusokotwa vibaya. Ufa usiugundishe, baridi huifanya gundi iwe ngumu na kupasuka. Dai kipuri au fedha kwa mtengenezaji.

Jibu: Wala usiviuze! Marekani sheria inakataza, hata kwa mitumba.